Matusi ya Harusi ya Nutan

Video yenyewe ilikuwa ya dakika moja na sekunde arobaini. Ndani yake Phulo Devi ameketi kwenye mkeka uani, mikono yake ya njano kwa bizari aliyokuwa akisaga, anawatukana watu wa India kwa wimbo. Chini ya kidevu chake maneno yanapita kwa Kiingereza, na juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: CHUKI YATOKOTA MPAKANI. Kufikia Jumanne asubuhi, zikiwa zimebaki siku tano harusi ya Nutan ifungwe, ilikuwa imetazamwa na watu milioni mbili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyealikwa.

Jibachh Mandal, baba yake Nutan, aliiona kwenye simu ya mteja. Yeye ni fundi wa pampu za maji upande wa Nepal, na mteja huyo alikuwa amevuka kutoka upande wa India na baiskeli, pampu kaifunga nyuma, kama walivyovuka wateja tangu karakana ilipokuwa ya marehemu baba yake. Safari hii mteja hakushuka kwenye baiskeli.

"Fundi, huyu si shemeji yako?"

"Ndiye."

"Katupiga barabara!" Mteja akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ila vijana wangu nyumbani wanasema nisikuletee kazi tena. Si mimi, fundi. Vijana." Akageuza baiskeli, akaondoka na pampu yake mbovu.

Kabla Jibachh hajajua amkasirikie nani, simu yake ikalia. Alikuwa Bauelal, baba wa bwana harusi, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha Lachhminiya, kilomita tatu ng'ambo ya mpaka.

"Mkwe, umeona?"

"Nimeona sasa hivi."

"Mwambie Mama Phulo kanifurahisha. Huo ubeti wa nguzo ya mpaka ni mpya. Mama yangu angekuwa hai angemvulia sari yake mwenyewe ampe." Bauelal alikohoa. "Sasa nisikilize. Jana walikuja watu wawili na pikipiki kutoka mjini. Wameuliza Lalit anaoa wapi. Wameandika."

Lalit ndiye bwana harusi. Alikuwa amefaulu mtihani wa ukarani wa reli baada ya kuufanya mara nne, na alichokuwa anangoja ni polisi wathibitishe kwamba ni kijana mwema asiye na makundi mabaya. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa imeruhusu harusi.

"Lakini wewe unajua ni wimbo wa harusi," Jibachh akasema.

"Najua."

"Na hao wawili?"

"Mmoja kazaliwa hapa hapa Lachhminiya. Mama yake ndiye aliyemwimbia baba yako kwamba kazaliwa na fahali. Anajua kabisa, mkwe. Anajua, na anaandika."

* * *

Kwetu wageni wa bwana harusi hutukanwa. Siku ya pili, saa sita mchana, wazee wa upande wa kiume wanapoketi kula wali, wanawake wa upande wa binti hukaa mlangoni mwa jiko na kuwaimbia matusi, mmoja mmoja, kwa jina lake na jina la kijiji chake. Mama yako katoroka na muuza ndizi, Bauelal. Mbwa kaiba suruali yako, ukamfuata ukimwita baba. Nao wanaotukanwa hawasemi asante. Wanajibu kwa kukashifu chakula: wali mbichi, dengu ni maji ya kuogea, samaki kafa kwa uzee. Halafu wanaomba waongezewe. Ndivyo watu wanavyopokeana, pande zote mbili za mpaka, na imekuwa hivyo kabla mpaka wenyewe haujawekwa.

Mzozo wa serikali mbili ulianza mwezi mmoja kabla, maji ya mafuriko yalipopungua na nguzo moja ya mpaka ikaonekana imesimama hatua kumi na nne kutoka mahali pake. Kila aliyelima karibu na hapo alijua kuwa mto ndio ulioisukuma. Lakini Kathmandu ikasema India imeihamisha, Delhi ikasema Nepal ndiyo iliyoihamisha, mabalozi wakaitwa wakapewa karatasi, na waandishi wa habari kutoka nchi ambazo hazina hata mpunga wakaja kuipiga picha nguzo. Nguzo haisemi kitu. Kwa hiyo Ijumaa iliyopita mwandishi mmoja, mama mrefu wa Ulaya mwenye adabu nyingi, akafuata sauti za wanawake hadi uani kwa Jibachh, pamoja na mpiga picha na mkalimani kutoka mji mkuu aliyeitwa Kiran.

Wakapewa kiti, wakapewa chai. Wanawake walikuwa wanasaga bizari na kufanya mazoezi ya nyimbo. Mgeni akauliza wanaimba nini.

Phulo Devi ni mke wa kaka yake Jibachh, ambaye yuko Qatar mwaka wa saba sasa. Yeye ndiye anayeshika jiko zima la harusi yoyote pale mtaani, na kwa ulimi hana mpinzani katika vijiji kumi. Kuombwa na mgeni aliyetoka mbali kiasi kile, na kamera, aimbe wimbo wake! Hakuimba wa zamani. Aliimba alioutunga wiki ile:

*Wazee wa Lachhminiya wezi, wameiba hata nguzo,*
*wameibeba usiku begani wakampelekea mama yao,*
*wamesema, mama, baba kazeeka, olewa na hii.*

Wanawake wakaanguka kwa kicheko. Kiran mkalimani akatafsiri, neno kwa neno, na tafsiri yake haikuwa na kosa hata moja. Ni mtu wa milimani, kwao hawaimbi hivyo, lakini lugha anaijua. Mwandishi akauliza, kwa huruma, kama wanawachukia watu wa ng'ambo.

"Sana!" Phulo akasema. "Hatuwapendi hata kidogo. Ndiyo maana tunawapa binti yetu Jumapili."

Kwenye video anasema "Sana! Hatuwapendi hata kidogo." Kisha inaonekana nguzo, jua linatua, na muziki wa huzuni.

* * *

Jibachh alikuwa na namba ya Kiran. Alimpigia mara sita siku hiyo ya Jumanne, akampata ya saba.

"Bwana Kiran, ile habari ni ya uongo."

"Mzee, kipi ndani yake ni cha uongo?"

Jibachh akafikiri, na hilo ndilo lililomtia hasira zaidi. "Hakuna. Lakini ni uongo."

"Mimi niliwaambia ni mambo ya harusi. Nimeapa mzee wangu, niliwaambia kwenye gari. Yule mama alitaka liingie. Mhariri wake huko kwao ndiye akasema linachanganya watazamaji."

"Sasa waambie wakirudishe walichokikata."

"Nitawaandikia."

Jibu lilikuja Jumatano. Kiran alimsomea kwa simu: wanaisimamia habari yao, kila neno limetafsiriwa kwa usahihi na kuhakikiwa na mtaalamu wa pili.

"Kuna lingine, mzee. Wanauliza kama wanaweza kuja kurekodi harusi. Wangependa habari yenye matumaini."

Jibachh alikata simu. Alikaa ameishika mkononi kama anayetafuta mahali pa kuitupa, kisha akakumbuka kuwa ina namba za wapishi.

Siku hiyo hiyo upande wetu nao ukaamka. Mwenyekiti wa kata, ambaye Jibachh amemfuata miaka miwili kuhusu mtaro wa maji machafu bila kumwona uso, akaja mwenyewe na magari mawili na spika. Akamtaka Phulo Devi asimame uani. Akamvika shada la maua ya njano, akamwekea shali begani, akamwita Mama wa Nguzo.

"Mwanamke asiyejua kusoma ameitetea ardhi yetu kuliko mabalozi!" akasema kwenye spika.

"Kusoma najua," Phulo akasema. Spika haikumpata.

"Mwenyekiti, ule ni wimbo wa harusi," Jibachh akamwambia pembeni. "Mama yako mwenyewe si alituimbia sisi?"

"Naujua sana. Wa mama ulikuwa mkali zaidi." Mwenyekiti akamshika bega. "Lakini sasa hivi, fundi, si wakati wa kufafanua. Nchi inatazama."

Picha ikapigwa: shali, maua, mwenyekiti kainua mkono wa Phulo juu kama bondia aliyeshinda. Jioni yake ikaonyeshwa kwenye runinga za India, uso wa Phulo umezungushiwa duara jekundu na mshale ukiuonyesha, kana kwamba mtu angeweza kuukosa.

* * *

Alhamisi asubuhi Bauelal alikuja kwa miguu. Hakutaka pikipiki yake ionekane. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha kamba, chai hakuigusa, na akazungumza huku akitazama viatu vyake.

"Mdogo wangu wa Delhi kauliza huko juu. Wanasema kuna njia. Mama Phulo arekodi video aombe radhi kwa watu wa India. Sisi tutaipeleka kwa wale wawili, iingie kwenye faili. Na siku ya harusi kusiwe na nyimbo. Hata moja."

Sunaina, mke wa Jibachh, alikuwa nyuma ya mlango. Sauti yake ikatoka huko huko. "Na isipokuwepo hiyo video?"

Bauelal akafuta vumbi kwenye kiatu chake. "Mama Nutan, mwanangu amefanya ule mtihani mara nne."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kadi zilikuwa zimesambazwa, mkono wa Nutan umeshapakwa hina hadi kiwiko, na binti anayekataliwa siku tatu kabla ya harusi huku kwetu haulizwi kama kosa lilikuwa lake.

Phulo alikuwa amesikia kila kitu. Akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Niombe radhi kwa wimbo wa harusi? Basi niombe radhi na kwa wali! Niombe radhi kwa samaki! Mwalimu, wewe mwenyewe siku ya harusi ya binamu yako nilikuimbia umezaliwa kwenye zizi, ukanitumia pipi kilo nzima. Zile pipi ulizituma za nini?"

"Za furaha, Mama Phulo."

"Furaha hiyo iko wapi leo?"

"Ipo," Bauelal akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Ila siwezi kuionyesha."

"Shemeji," Jibachh akaanza.

"Wewe usiniite shemeji! Ulikuwepo. Ulikaa pale pale unawaongezea chai, unacheka meno yote nje. Ulishindwa kumwambia yule mama azime kamera?"

Hayo yalikuwa kweli, na Jibachh aliyajua. Alikuwa amejivuna. Alifikiri dunia nzima itaona jinsi nyumba yake ilivyo na furaha.

Aliyelimaliza ni Nutan. Alitoka chumbani, ingawa biharusi hatakiwi kutokeza mbele ya baba mkwe, akajifunika uso na kuketi karibu na miguu ya Phulo. Hakulia. Alisema polepole, "Mama Mkubwa, mimi huwa nasikia nyimbo zako tangu mdogo, najisemea siku yangu utawaimbia nini. Nimengoja huo wimbo kuliko hata vito. Sasa nakuomba uuache."

Phulo alimtazama muda mrefu. Kisha akaweka mwiko chini, akajifuta mikono, akamwambia Bauelal, "Haya, toa hiyo simu yako."

Alisimama mbele ya ukuta mtupu. Bauelal alikuwa ameandika maneno kwenye daftari la shule, na Phulo akayasoma kwa sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia ikitoka kwake: mimi Phulo Devi nimekosa, naheshimu taifa la India na watu wake, nyimbo kama hizo sitaziimba tena. Alikosea mara moja, wakarudia tangu mwanzo. Bauelal alipomaliza kurekodi aliinama akamgusa miguu, mwanamume mzima, mwalimu, akaondoka kwa njia ya mashambani.

Video ile haikukaa kwenye faili. Kufikia Ijumaa ilikuwa kila mahali, na saa nne asubuhi kijana wa ofisi ya kata akaja na pikipiki.

"Mwenyekiti kanituma," akasema, huku hajui aangalie wapi. "Anaomba lile shali."

Phulo akalileta. Lilikuwa limeshatumika kufunikia mitungi ya maziwa ya mgando ya harusi, na lilikuwa na doa. "Mwambie alifue," akasema.

* * *

Jumapili msafara wa bwana harusi ulikuja. Watu sitini walikuwa wamealikwa, wakaja kumi na mmoja, bila bendi, wanatembea kama watu wanaokwenda kliniki. Askari wa pande zote mbili waliwakagua mifuko. Lalit alikuwa kijana mwembamba mwenye wasiwasi, alimtazama Nutan kama anayeogopa kwamba na huyu atanyang'anywa. Ndoa ikafungwa. Jibachh alijiambia kuwa lililobaki ni chakula tu.

Jumatatu saa sita wazee waliketi uani kwenye mikeka, majani ya mgomba mbele yao. Wali ukapakuliwa, dengu, samaki wa haradali, mboga saba. Sunaina na Phulo hawakulala wakipika. Kila kitu kilikuwa tayari, ila mlangoni mwa jiko wanawake walikuwa wamekaa kimya, midomo imefungwa, wakitazama sakafu.

Mkubwa wa wageni alikuwa Sattan, baba yake Bauelal, miaka themanini na mbili, kiziwi sikio moja. Hakuwa na simu na runinga hakuijali. Aliosha mkono wa kulia, akaunyoosha juu ya wali, akangoja. Akageuza sikio zima upande wa jiko. Akangoja tena.

"Nani kafa?" akauliza kwa sauti kubwa.

"Hakuna, baba," Bauelal akasema. "Kula."

"Mbona kimya? Mimi nimeoa upande huu, na dada zangu wawili wameolewa upande huu. Siku yangu waliniita mwana wa punda hadi masikio yakawaka, na hapo ndipo nilipojua nimepata ukwe. Huyu kijana wetu kafanya nini hata wasitutukane?"

"Baba, ni mambo ya serikali."

"Serikali imekuja kula?" Mzee akarudisha mkono wake mapajani. "Basi nayo iimbiwe. Mimi wali wa kimya sili."

Na mzee asipokula hakuna anayekula. Watu kumi wakabaki mikono hewani. Samaki wakaanza kupoa. Jibachh alimtazama Bauelal, Bauelal akamtazama Jibachh, wanaume wawili waliochoka wasiojua nani atoe ruhusa ya kitu ambacho hakikuwahi kuhitaji ruhusa. Mwishowe Bauelal akavuta ungo uliokuwa ukutani, akaweka simu yake ndani. Akaupitisha. Kila mgeni akaweka yake, na vijana wa nyumbani nao, na Jibachh akaweka yake juu kabisa. Ungo ukapelekwa chumba cha nyuma, ukafunikwa na godoro.

"Mama Phulo," Bauelal akasema kuelekea jikoni. "Tafadhali. Kwa ajili ya mzee."

Phulo akasimama. Nyuma ya pazia la chumba chake Nutan naye akasimama, na vikuku vyake vikasikika. Phulo akajifunika kichwa, akasafisha koo, akaanza. Sauti ilikuwa ile ile, na wanawake wakamwitikia:

*Wazee wa kijiji fulani wezi, wameiba kitu fulani,*
*wamekibeba usiku begani...*

Mzee Sattan alikuwa ameshaanza kutabasamu. Akainua mkono. "Wa kijiji gani?" akasema. "Sema Lachhminiya. Sema Sattan. Nitaje!"

Phulo akanyamaza. Akayatazama madirisha, moja baada ya jingine. Akautazama ukuta wa uani na vichwa vya watoto wa jirani juu yake. Amemjua mzee huyu miaka thelathini, na amemtukana katika harusi tisa, kwa jina lake, la baba yake na la babu yake.

"Jina lako nimelisahau, mzee wangu," akasema. "Unisamehe."

Mzee akashusha mkono. Kisha akakata tonge, akala. Akala jingine, na la tatu, taratibu, hakumwaga hata punje, na wengine wakala naye. Hakuomba kuongezewa. Alipomaliza aliosha mkono, akamgeukia Jibachh na kuinamisha kichwa kama mtu aliyekaribishwa na afisa.

"Chakula kilikuwa kizuri," akasema. "Asanteni sana."

Jikoni Phulo alishikilia fremu ya mlango. Tangu aolewe hapa, hakuna mtu wa Lachhminiya aliyewahi kutushukuru.